Mliochanika gegedu la bega, tupeane uzoefu

Chuga Damu: Wakuu, leo soko la Kilombero hapa Arusha kijana kashusha gunia, bega likachomoka. Kila mtu anataka kumvuta mkono! Imenikumbusha gegedu langu lilivyochanika, ule mkanda unaozunguka kikombe cha bega, pale kichwa cha mfupa wa mkono kinapokaa. Mliopitia, mlitibiwaje?

Mzee wa Barafu: Mimi nilikuwa mpagazi Kilimanjaro. Tunashuka kambi ya Barafu kwenda Mweka, mvua, mzigo kichwani. Nikateleza, nikajishika kwa mkono ulioenda nyuma, bega likatoka kwa mbele. Hospitali wakalirudisha, wakapiga eksirei: mifupa mizima, nenda nyumbani. Kumbe eksirei haionyeshi gegedu! Likawa linachomoka nikivaa shati, nikishika bomba la Hiace. Usiku ndio balaa. Nageuka tu, limetoka, mke wangu kashika tochi, mimi jasho linanitoka, vidole vimekufa ganzi. Mpaka daktari mwingine wa mifupa akaagiza MRI, picha inayoonyesha hadi nyama za ndani, wakaniwekea na dawa ndani ya kiungo ili picha ionekane vizuri. Gegedu limebanduka kwenye ukingo wa kikombe, mbele kwa chini.

Binti Kibosho: Hiyo ya shati naijua. Pole sana kaka.

Mama Nkya: Mimi babu mmoja wa Uru alinichua na mafuta ya kondoo, nikapona. Hospitali mnaliwa hela tu.

Fizio Moshi: Mama, huo ulikuwa msuli. Bega lililochomoka halichuliwi wala kuvutwa ovyo, kwapani kuna neva na mishipa ya damu. Mtu anaweza kupooza mkono.

Mama Nkya: Mwanangu, bega ni langu, nalijua mimi!

Chuga Damu: Jamani, taratibu. Fizio, lazima kupasuliwa?

Fizio Moshi: Hapana. Wengi wanatulia kwa mazoezi ya misuli ya bega na ya bapa la mgongoni, miezi 3 hadi 6. Ila kijana wa chini ya miaka 25, mcheza mpira au mbeba mizigo, likishatoka mara moja mara nyingi hurudia. Huyo amwone daktari wa upasuaji mapema. Wanatoboa matundu madogo, wanapitisha kamera, wanalishona gegedu kwenye mfupa. Mkono unakaa kwenye kitanzi wiki 4 hadi 6.

Dogo wa Njiro: Mimi naning'inia kwenye bomba kila asubuhi, linanyooka.

Fizio Moshi: Acha leo hii!

Binti Kibosho: Mzee wa Barafu, ulirudi mlimani?

Mzee wa Barafu: Nilishonwa, nikarudi, lakini jikoni. Kilo 20 sibebi tena. Mkono unafika juu vizuri, kujikuna mgongoni ndio bado.

Binti Kibosho: Na MRI bima walilipa? Mimi wamenigomea.