Tupeane uzoefu: sakafu ya lamineti (vipande vya mbao za kiwandani) kwenye sehemu za biashara, nini kilikukuta?

Mpima Kona
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita ghorofa ya chini nikakuta vijana wanang'oa lamineti kwenye duka la viatu ambalo halina muda mrefu tangu lifunguliwe. Vipande vimevimba kwenye maungio, ukipitisha kiganja unahisi kila kiungo. Mwenye duka kakaa kwenye boksi, mkono shavuni, haongei na mtu. Nikakumbuka mengi. Waliowahi kuweka kwenye duka, ofisi, saluni, kliniki, mwageni hapa. Za sebuleni tuziache, sebuleni hakuna watu mia wanaoingia na mchanga kwenye soli.

Bi Mkasi
Umenigusa pabaya. Saluni yangu niliambiwa na muuzaji "hii haiingii maji dada, weka bila wasiwasi". Boksi lenyewe limeandikwa inahimili maji kwa saa 24. Sasa saa 24 ni maji yaliyomwagika juu ukayafuta. Karo la kuoshea nywele linadondosha kidogokidogo kila siku, yanashuka kwenye maungio, yanafika kwenye ubao wa ndani. Ule ubao ni unga wa mbao ulioshindiliwa, ukinywa maji ndiyo basi, haurudi. Mstari wa karo wote ukanyanyua kingo, wateja wanajikwaa. Nilipomrudia muuzaji akaniuliza kama ninayo picha ya siku ya kwanza.

Kapuku Msomi
Hahaha picha ya siku ya kwanza. Wauzaji wana mambo.

Mzee wa Grinda
Kweli tupu dada. Sehemu ya karo weka marumaru, lamineti ianzie mbele. Wengi hawataki kusikia.

Tajiri Mtarajiwa
Suluhisho rahisi: nunua ya milimita 12. Mimi duka langu la simu niliweka ya 12 na haijanisumbua. Hizi za 7 na 8 ni makaratasi.

Mzee wa Grinda
Mkuu hapo unapotosha watu. Unene unasaidia mlio wa miguu na uimara wa kiungo, lakini kinachochakaa ni uso. Uso unasomwa kwa AC, yaani namba ya uwezo wa uso kuhimili kuchakaa, ikiwa kubwa ndiyo ngumu zaidi, na pembeni kuna alama ya daraja la matumizi: 21 mpaka 23 ni nyumbani, 31 mpaka 33 ni biashara. Ya milimita 8 yenye AC5 na daraja 33 itaizika ya milimita 12 yenye AC3 kwenye duka lenye watu wengi.

Tajiri Mtarajiwa
Mimi nasema nilichokiona kwa macho yangu, sio vya kusoma kwenye maboksi.

Mzee wa Grinda
Duka la simu wateja wanasimama kaunta. Jaribu hiyo 12 yako kwenye lango la supamaketi tuone.

Bi Mkasi
Jamani msigombane kwenye uzi wa watu.

Msimamizi wa Saiti
Naomba niweke yangu maana bado inanichoma.

Nilikuwa nasimamia ofisi ya kampuni moja, ukumbi mrefu wa wazi na chumba cha mikutano cha vioo mwishoni. Lamineti inaelea, haigundishwi wala haipigwi misumari, inatanuka na kusinyaa hewa inapobadilika. Kwa hiyo ukutani inaachiwa upenyo wa milimita 8 mpaka 10, na ukumbi ukiwa mrefu unakatisha kwa mkanda wa chuma, kampuni nyingi zinasema kila mita 8 au 10 hivi, na kila mlangoni. Mteja akakataa mikanda. "Inaharibu muonekano." Nikaandika barua, akaisaini kwamba ameelewa, tukaendelea.

Fundi wa sakafu aliacha upenyo vizuri, nilipima mwenyewe. Wakaja wapaka rangi. Wao wakaona kuna ufa chini ya ukuta, wakaujaza pati. Ukumbi mzima, nadhifu kabisa, kisha skatingi, zile mbao za kuziba chini ya ukuta, zikapigiliwa juu, hakuna anayeona kitu. Nyuma yao wakaja wa vioo, wakatoboa lamineti na kufunga fremu ya chumba cha mikutano moja kwa moja kwenye zege. Hapo sakafu imefungwa pande zote na imepigiliwa katikati.

Ikaja mvua, hewa nzito, viyoyozi bado havijawashwa. Siku ya uzinduzi wakubwa wameingia chumba cha mikutano, mlango ukafungwa. Sisi tuko nje tunapanga viti. Nasikia "paa!" kama mtu kaangusha meza. Nageuka, sakafu imenyanyuka tuta kutoka katikati ya ukumbi mpaka ndani ya kile chumba. Na mlango wa kioo unafungukia ndani.

Mkurugenzi anavuta mlango, unagonga tuta. Anavuta tena. Wageni wako ndani na vikombe mkononi wanatutazama kupitia kioo, sisi tunawatazama. Mtu akasema tuvunje kioo, mteja akapiga kelele bei ya kioo. Mwisho ikabidi wanaume wazito waliokuwemo ndani wapande juu ya tuta walikandamize, mlango ukapita kwa kukwaruza, wageni wakatoka mmoja mmoja kwa ubavu. Waliolikandamiza ndio walitoka wa mwisho, na kila aliyeshuka tuta likampandisha mwenzake.

Baadaye tuling'oa skatingi, fundi akakwangua pati na kukata ukingo kidogo, akapanua matundu ya fremu. Kufika kesho yake sakafu ilikuwa imelala yenyewe, isipokuwa viungo viwili vilivyovunjika ulimi.

Kapuku Msomi
Nimecheka mpaka nimeitwa ofisini kuulizwa. "Tuta likampandisha mwenzake" 😂😂

Mpima Kona
Mkuu pole. Mkurugenzi alikuwa upande gani wa tuta?

Mama Kliniki
Hahaha. Alilipwa fundi lakini?

Msimamizi wa Saiti
Fundi wa sakafu alilipwa, barua ilimsaidia. Pati iligombaniwa mno, wapaka rangi wanasema hawakuambiwa. Mkurugenzi alikuwa juu ya tuta, ndiye mzito kuliko wote.

Nyundo ya Mpira
Mimi ni fundi na nasema fundi ana kosa hapo. Kazi isiyofuata maelekezo unaikataa. Barua ya nini?

Mzee wa Grinda
Ukiikataa wewe, jioni anaitwa mwingine asiyejua hata mkanda ni nini. Watoto wanakula barua? Msimamizi kafanya sawa.

Nyundo ya Mpira
Ndiyo maana ufundi wetu hauheshimiwi.

Mzee wa Grinda
Haya mheshimiwa.

Mama Kliniki
Mwenzenu kilichonikuta ni deki. Sakafu nzuri, daraja 32, imewekwa vizuri. Mfanya usafi mpya kaja na ndoo na mashine ya mvuke, maana kliniki lazima ing'ae. Mvuke unaingia kwenye viungo kuliko hata maji. Nyuma ya mapokezi kingo zote zimenyanyuka. Kitambaa kikamuliwe mpaka karibu kikauke, wazee, vinginevyo mtakuja kuandika hapa.

Zege Bichi
Hakuna aliyetaja zege. Jengo jipya, mwenye duka ana haraka ya kufungua, sakafu inaonekana kavu juu. Chini mbichi. Unene wa sentimita 5 unaweza kuchukua zaidi ya mwezi kukauka hata hali ya hewa ikiwa nzuri. Tandika nailoni ya mikroni 200, maungio yapishane na yabandikwe kwa utepe wa gundi, kisha foamu ya chini ya lamineti. Na pima unyevu kwa kifaa, kiganja kinadanganya.

Tajiri Mtarajiwa
Foamu weka mbili, inakuwa laini kutembea. Wateja wangu wanasifia.

Nyundo ya Mpira
Usiweke mbili!! Sakafu inabonyea kila ukikanyaga, ulimi wa kiungo unakatika. Hapa nakubaliana na Mzee wa Grinda kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Mzee wa Grinda
Nimepiga picha ya skrini.

Fundi Cherehani
Naomba kuuliza, ni lazima maboksi yakae saa 48 chumbani kabla ya kuweka? Fundi wangu anasema ni hadithi.

Zege Bichi
Lazima, na yalale, yasisimamishwe. Chumba kiwe na hali ileile kitakayokuwa nayo biashara ikifunguliwa.

Kibandiko
Mimi nafungua na kuweka siku hiyohiyo miaka yote, hakuna tatizo. Ila chukua vipande kutoka maboksi matatu manne kwa wakati mmoja, rangi zichanganyike. Na ongeza asilimia 10 ya kukatia, namba ya toleo iwe moja kwenye maboksi yote. Ukirudi dukani baadaye utaletewa "inafanana".

Mama Kliniki
"Inafanana" hiyo naijua, iko chini ya kabati langu la dawa.

Mpima Kona
Nyongeza: viti vya ofisi vya magurudumu. Kwenye lamineti weka magurudumu laini, yale magumu yanachimba njia mezani kwa mhasibu. Na soma dhamana kabla hujalipa, nyingi zinakufa ukiweka ya daraja la nyumbani kwenye biashara.

Bi Mkasi
Sasa nabadilisha mstari wa karo. Kuna anayesema SPC?

Nyundo ya Mpira
SPC kwa maji iko vizuri, ndani yake ni plastiki na unga wa mawe. Ila chini panatakiwa pawe panyoofu kweli, na kwenye dirisha la jua kali nayo inatanuka.

Mzee wa Grinda
Marumaru dada. Nimeshasema.

Mgeni Mpya
Habari wadau, nimejiunga leo. Nataka kuweka lamineti kwenye choo cha mgahawa, ipi nzuri?

Kapuku Msomi
😂😂😂 Soma uzi kuanzia juu mkuu. Ukifika kwa mkurugenzi utuambie.