Tupeane uzoefu: kitu gani kidogo ulikipata kwa kujibana ukajiona umeyapatia maisha?

Wakuu habari za jumapili. Uzi huu sio wa wenye viwanja Goba, mtanisamehe, ni wa sisi tunaopimiwa mafuta ya mia tano kwa Mangi. Naanza mimi.

Nilihamia Mbagala Rangi Tatu na godoro, ndoo na begi la nguo. Chumba kimoja, bati bila dari, na ulikuwa mwezi wa pili, wanaoijua Dar ya mwezi wa pili wananielewa. Ndani huwezi kulala, ukitoka barazani mbu wamekukalia kikao. Kazi yangu saidia fundi, nikitoa nauli na msosi inabaki buku (elfu moja), siku nyingine jero (mia tano), siku nyingine namdai fundi na yeye ananiambia bosi hajatoa hela. Nikatoboa kopo la maziwa nikafanya kibubu. Wiki nne baadae nikalipasua, elfu ishirini na moja na mia tano! Feni jipya ndo hata usiulize bei, nikaenda Tandika kwa fundi anayeuza yaliyofufuliwa, nikapata la kusimama kwa elfu kumi na nane, halina kava la mbele. Kwenye daladala konda akanidai nauli ya feni, nikamwambia shika mwenyewe basi, abiria wakanisaidia kumzomea.

Sasa usiku nachomeka, kimya. Linaunguruma tu halizunguki. Nikachukua mti wa ufagio nikasukuma mapanga yake, likaanza taratiiibu kama mzee anaamka, halafu likachanganya. Wakuu nililala nikaamka saa moja na nusu, kazini nimechelewa, fundi kanitukana matusi yote anayoyajua na mimi nacheka tu.

Mnaosema feni linakula umeme, nilipiga hesabu. Wati 50 kwa masaa manane ni uniti 0.4, na luku yetu, mita ya umeme wa kulipia kabla, buku inatoa uniti 2.8 hivi, kwa hiyo upepo wa usiku mzima ni kama 140, andazi la mtaani kwetu hulipati kwa hiyo. Mwenye nyumba akaja juu eti niongeze elfu tano ya mchango wa umeme, wakati 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye hiyo hiyo luku kila mwezi ni deni lake tunalipa sie wapangaji, ila hilo lina uzi wake.

Haya, karibuni.

Mama Vitumbua: Mimi ni gesi. Tulikuwa mchezo wa kupeana hela kwa zamu, watu 30, buku mbili kwa siku, na kijumbe anayekusanya kanipa zamu ya 27, nikasema hapa naliwa. Sikuliwa. Nikakamata elfu sitini yangu nikaenda moja kwa moja kununua mtungi mdogo wa kilo 6 ule wenye jiko la kukaa juu, sikupita hata nyumbani maana naijua familia yangu, ningefika tu kuna mtu anaumwa. Jamani usiku wa kwanza niliamka saa saba nikawasha nikachemsha chai, sikuwa hata na kiu. Mkaa mpaka upulize, upepee, macho yachuruzike, hapa unazungusha tu tii! Maharage bado nachemsha kwa mkaa, mara moja kwa wiki yote kwa pamoja, gesi naificha ya chai na kuungia mboga. Mume wangu akitaka kuchemsha maji ya kuoga juu yake tunagombana.

Kijana wa Igoma: Sisi Mwanza tumekula mapanki, wasioyajua ni kichwa na mifupa ya sangara vinavyobaki viwandani wakishatoa minofu. Mama anakaanga yanakauka, mnakaa mnaparua kwa vidole na ugali mkubwa. Ziwa liko pale tunaliona, samaki mwenyewe hatumuoni. Nilipolipwa mara ya kwanza nikaenda mwaloni nikachukua sato mzima, mbichi, mkia unapitiliza mfuko. Mama akamkata vipande sita akataka avigawe siku tatu. Nikasema mama huyu ni wa leo. Akaniangalia wee, akasema "hela imekupanda kichwani", ila kichwa cha sato alikula yeye na mpaka leo akija mgeni anamsimulia.

Fala mstaafu: Sabufa. Nilinunua sabufa kabla ya kitanda. Sijutii

Baba wa watatu: Kipindi nauli ya kivuko Magogoni ni mia mbili, jumapili nawavalisha wanangu tunapanda kwenda Kigamboni. Tukishuka tunanunua mihogo ya kuchoma ya jero, kachumbari na pilipili nyingi ili isiishe haraka, tunakaa mchangani, tunarudi. Wa mwisho aliambiwa shuleni aandike kuhusu safari akaandika alishasafiri kwa meli. Mwalimu kampa tisa juu ya kumi. Sasa hivi wanataka treni ya SGR mpaka Morogoro, elfu kumi na tatu kwa mtu mzima na tuko watano, nimewaambia subirini kwanza niwe na akili timamu.

Mkali wa hesabu: Mnajifariji tu. Umaskini sio kitu cha kusherehekea, mtu mzima unaandika aya nne za feni?

Mleta uzi: Mkuu hakuna aliyesherehekea umaskini hapa. Nimesherehekea feni.

Mama Vitumbua: Mwache, huyo ana AC.

Wa Likoni: Huku Mombasa mie raha yangu ni mahamri matatu na mbaazi za nazi, Ijumaa asubuhi, nakaa chini nala taratibu. Siku nyengine zote ni chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na mkate wa jana. Si kwamba siwezi Jumatano, naweza, lakini naiogopea Ijumaa yangu.

Mleta uzi: Mrejesho wakuu. Mdau mmoja hapa kaniambia linalosumbua ni kapasita tu. Nimeenda kwa fundi mtaani, elfu tatu na ufundi juu. Sasa nikibonyeza linaanza lenyewe, ila jana nimejikuta nimeshika mti wa ufagio nimesimama nao pale mbele yake.