Watamu au Kisite, na bibi mwenye magoti mabovu?

Mama wa Nyalenda
Hamjambo. Desemba tunashuka Pwani kutoka Kisumu: mimi, mume wangu, watoto wawili (miaka 11 na 6) na mama mkwe, tunayemwita Dani. Dani ameuza omena na mbuta ufuoni Dunga tangu mume wangu hajazaliwa, lakini bahari hajawahi kuiona. Anachotaka ni kumwona samaki akiwa hai majini, "anatembea zake, hajui bei." Kati ya hifadhi za bahari za Watamu na Kisite, ipi inamfaa mtu wa magoti mabovu na watoto wasiojua kuogelea? Ni basi la usiku hadi Nairobi, kisha treni ya SGR hadi Mombasa. Tikiti za treni bado sijakata.

Baba Njoki, Nakuru
Dada, usikate kwanza. Sisi tulienda Watamu Agosti. Huku kwetu maji ni ya ziwa: yakipanda yanameza mashamba, na hayaondoki upesi. Nani angeniambia kuna maji yanayoenda na kurudi kila siku? Tulikodi mashua ya sakafu ya kioo saa tisa alasiri, tumeshiba wali, maji yamejaa pomoni na upepo wa kusi unapiga. Nikainamia kile kioo kama mtu anayetafuta sindano. Nikaona kijani, kijani tena, kisha sura yangu mwenyewe. Kijana wangu akatapikia kofia yangu. Nahodha mambo ya maji alituambia tukiwa tumeshalipa.

Mdigo wa Milimani
Pole Baba Njoki, ila umenichekesha. Mimi ni wa Msambweni, kazi ndiyo iliyonileta Kisumu. Mama, anza na mwezi, tikiti baadaye. Mwezi ukiandama na ukipevuka ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayana fujo. Chagueni siku hizo, mtoke maji yakipwa ili matumbawe yawe karibu na kioo. Saa ya kupwa husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo usishike saa aliyokupa mtu wa wiki jana. Desemba ni kaskazi, bahari imetulia.

Kisite ni kwetu kusini na roho inaniuma kusema hivi, lakini mpeleke Dani Watamu. Kule Shimoni, zinakotokea mashua za Kisite, safari ni ndefu, na uhondo wenyewe, ukiacha pomboo, ni kuingia majini na miwani. Kutoka Mombasa pandeni matatu ya Malindi, mshuke Gede, hapo tuktuk hadi Watamu. Watoto wavae viatu vya mpira, mwambani kuna madude meusi yenye miiba. Na kombe msiokote hata moja, ile ni hifadhi tangu 1968.

Mama wa Nyalenda
Nimemsomea Dani yote kwa Kijaluo. Nilidhani ya mwezi yatamchosha, kumbe ndiyo aliyoyashika. Omena huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, naye amehesabu siku hizo maisha yake yote. Ametaja nusu mwezi ya Desemba kabla sijafungua kalenda ya simu. Ana swali moja: maji yakishaondoka, mashua zinafungwa wapi?

Mdigo wa Milimani
Mwambie zinalala ubavu mchangani, zinayangoja.