Nimeuliza utafiti ulihusisha watu wangapi, nimejibiwa kwa mikunjo ya uso wangu

Mleta mada

Wanajamvi, salaam. Naandika hasira ikiwa bado ya moto, kwa hiyo atakayeona nimepandisha sauti anivumilie. Yule bwana wa koti jeupe mnamfahamu wote na sina haja ya kumtaja, kwa maana haijatengenezwa simu ambayo video zake za kurudisha ujana hazijaingia, na naamini hata maiti makaburini wamekwisha kutumiwa tangazo la unga wake. Leo nimekutana naye ana kwa ana kwenye semina yake, na amenipa jibu ambalo hata mbuzi hastahili kupewa.

Alionyesha ukutani mchoro wa mistari miwili, mmoja ukipanda kuelekea mbinguni na mwingine ukiporomoka, akasema ule unaopanda ni wa wanaotumia unga wake. Pembeni mwa mchoro hapakuwa na namba hata moja: si umri, si asilimia, si idadi ya watu. Chini kabisa, kwa herufi ambazo siafu angehitaji miwani kuzisoma, niliona neno moja tu, nalo ni «panya». Nikanyoosha mkono, nikasimama kwa adabu, nikauliza: «Samahani, utafiti huu ulihusisha watu wangapi, na walilinganishwa na nani?» Akanitazama usoni, akaugeukia ukumbi, akasema kwenye kipaza sauti: «Mikunjo ya uso wa mama huyu imekwisha kunijibu.» Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mikunjo ya uso wangu! Nimeuliza idadi, yeye anasoma ngozi. Nimeuliza walilinganishwa na nani, yeye ananilinganisha na binti wa kwenye bango lake.

Jambo lenyewe alilokuwa akilihubiri lina historia inayojulikana. Mwaka 2006 ulitoka utafiti ulioonyesha kwamba panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi, kisha wakapewa dozi kubwa za resveratroli, ambayo hupatikana kwenye maganda ya zabibu nyekundu, waliishi muda mrefu kuliko wenzao waliolishwa chakula hichohicho bila resveratroli. Mwaka 2008 kampuni ya GlaxoSmithKline ikalipa dola milioni 720 kuinunua Sirtris, kampuni iliyokuwa ikitafuta dawa kwa kufuata wazo hilo, na mwaka 2013 ikazifunga ofisi zake. Katikati ya hapo watafiti nchini Marekani waliwapa resveratroli panya waliokuwa wakila chakula cha kawaida, na maisha yao hayakurefuka. Bwana huyu alisimulia mwanzo wa habari hiyo kwa mbwembwe, akaunyamazia mwisho wake, na alipoulizwa akanisoma uso.

Sikuuliza «walilinganishwa na nani» kwa ukaidi. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba wanaokula mboga na matunda yenye beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hawapati sana saratani ya mapafu, kwa hiyo ikadhaniwa kwamba kuiweka kwenye kidonge kutawakinga wavutaji sigara. Nchini Finland walishirikishwa wanaume 29,133 wavutaji sigara, wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa kidonge halisi na wengine kidonge kisicho na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Jaribio jingine nchini Marekani lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya wakati wake, kwa sababu waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa wameugua kwa asilimia 28 zaidi. Bila kundi la kulinganisha, vidonge vile vingeendelea kuuzwa kwa wavutaji sigara kama kinga, na anayeuliza angeambiwa atazame uso wake kwenye kioo.

Naomba kuwasilisha.

Kifimbo

Pole sana, dada. Huyohuyo alimwambia shemeji yangu kwamba unga ule ukikolea mwilini dawa za presha zinakuwa mzigo, na shemeji akaziacha hadi tukamkimbiza hospitali kichwa kikimpasuka. Kwenye kopo lake, upande wa nyuma, pameandikwa kwamba bidhaa haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Mdomo unatibu kila kitu, kopo halitibu chochote.

Mtu Mzima

Mleta mada, umeandika insha ndefu yenye panya, Finland na dola, lakini kila aya inarudi kwenye mikunjo. Kama hukutaka ujana, kwenye semina ya ujana ulifuata nini? Na uzi wa namna hii bila picha hauna uzito, tuwekee picha tuhukumu wenyewe kama bwana yule alisema uongo.

Mleta mada

Mtu Mzima, nilikwenda kwa sababu dada yangu alikuwa karibu kununua makopo ya mwaka mzima, nikataka bwana yule aulizwe swali dada akisikia. Picha sitaweka. Niwe na mikunjo au nisiwe nayo, idadi ya watu waliofanyiwa utafiti haiongezeki wala haipungui, na hilo ndilo nililomweleza bwana yule wakati watu bado wanacheka. Hakunijibu hadi naondoka.

Jicho la Tatu

Mimi wauza unga hawaniumizi kama wanavyoniumiza waandishi wa habari. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kwa siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nyumbani kwangu mtu alisoma kichwa cha habari, akaelewa kwamba watu 18 kati ya kila 100 wataugua, akatupa kila kilichokuwa kwenye friji. Asilimia 18 ya nini? Tukichukulia kwamba watu 5 kati ya 100 wangeugua kwa vyovyote vile, nyongeza hiyo inawafikisha karibu 6. Ongezeko ni la kweli na si la kupuuzwa, lakini mwandishi anayeficha namba ya kuanzia anawatia watu kiwewe bure.

Nyota Njema

Umenikumbusha ile ya chokoleti. Mwaka huohuo wa 2015 mwandishi John Bohannon na wenzake walifanya jaribio dogo kwa makusudi, watu 15 tu na vipimo 18 tofauti, wakijua kwamba ukipima mambo mengi kwa watu wachache halikosekani moja litakalojitokeza kwa bahati. Wakatangaza kwamba chokoleti inaharakisha kupungua uzito, na magazeti ya nchi mbalimbali yakachapisha bila kuuliza walikuwa watu wangapi. Mimi ninawalaumu wahariri, na wauza unga wanafuata nyuma yao.

Mpimaji

Mnawaacha wale wa «siri ya watu wanaofikisha miaka mia moja»? Hao ndio walionichosha. Kabla ya kuuliza wazee wanakula nini, mtu anapaswa kuuliza vyeti vyao vya kuzaliwa viko wapi. Mwaka 2010 Japani iligundua kwamba kwenye daftari zake za familia walikuwamo watu zaidi ya 230,000 wenye umri wa miaka 100 au zaidi ambao hawakujulikana walipo, na baadhi yao wangekuwa wamepita miaka 150. Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, anakubaliwa na wengi kwa sababu ana karatasi tangu utotoni, na hata yeye wapo waliomtilia shaka.

Kifimbo

Mpimaji, usiwachanganye watu. Daftari zile za Japani sizo zinazotumika kukokotoa wastani wa umri wa kuishi, kazi hiyo hufanywa kwa takwimu za sensa na za vifo. Wajapani wanaishi miaka mingi kweli.

Mpimaji

Sijakataa kwamba wanaishi miaka mingi. Ninachokataa ni mtu kuchukua kijiji kimoja, kuchagua chakula kimoja na kukiuza kwenye kopo, ilhali wazee walewale wametembea kwa miguu maisha yao yote na wana watoto wanaowatunza.

Mtu Mzima

Afadhali kopo. Mimi jirani yangu ameniletea mashine ya maji ya alkali, anasema damu yangu ina tindikali. Damu ya mtu mzima hukaa kati ya pH 7.35 na 7.45 (pH ni kipimo cha tindikali, chini ya 7 ni tindikali na juu yake ni alkali), mapafu yakitoa hewa ya ukaa na figo zikichuja, na maji yoyote unayokunywa yanatumbukia kwanza kwenye tumbo lenye tindikali kali. Nimemweleza yote hayo, na bado anadai hela ya mashine.

Nyota Njema

Mtu Mzima, mlikubaliana bei kabla au aliileta tu?

Mtu Mzima

Aliileta tu, tena nikiwa sipo, akaifunga kwenye bomba la jikoni. Sasa bomba linavuja, na fundi hataki kuligusa mpaka mwenye mashine awepo.