Naomba ushauri: nikishika mgongo miguu inanitoka. Nifunge nne au nibaki na kulabu mbili?

Mjudoka wa Temeke

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi nimekulia kwenye judo, na sasa nafanya jujitsu ya Kibrazili bila kimono (ile nguo nzito ya judo) na kikundi kimoja hapa Dar. Kuupata mgongo wa mtu hakunisumbui. Kazi iko kwenye kukaa nao. Kwenye judo, ukiwa chini na hakuna kinachoendelea mwamuzi anasema "mate" na mnasimama, kwa hiyo sikuwahi kufundishwa kumkaa mtu mgongoni kwa muda mrefu bila haraka.

Hali yenyewe iko hivi. Naingiza kulabu mbili, yaani visigino vyangu viko ndani ya mapaja yake. Mkono mmoja umepita juu ya bega lake, mwingine chini ya kwapa, na viganja nimevifunga kifuani kwake. Hapo najisikia vizuri. Halafu jamaa ananyoosha mguu wake wa juu, kulabu moja inachomoka, anateleza kiuno mpaka makalio yake yanagusa mkeka, na kufumba na kufumbua amenigeukia yuko juu yangu.

Nikijaribu kufunga nne kiunoni, yaani mguu mmoja unapita tumboni kwake na kifundo chake kinafungwa nyuma ya goti la mguu wa pili, kwa wembamba inafunga. Kwa wenye mwili haifiki kabisa, na ikifika kifundo cha mguu kinauma mpaka naachia mwenyewe. Nina urefu wa sentimita 168 na kilo 70, na wenzangu wengi wako juu ya kilo 80.

Nifanye nini? Nikomae na kulabu, nitafute namna ya kufunga nne, au kuna njia nyingine ya kutumia miguu ambayo siijui?

---

Baharia wa Ghuba

Mkuu, umeeleza vizuri, lakini hujasema kitu kimoja: ukiwa na mgongo wake unalalia upande gani?

Mimi niko Abu Dhabi kikazi, na huku mchezo huu unachezwa kila kona, mpaka watoto wanafundishwa shuleni. Swali la kwanza utakaloulizwa mkekani ni hilo. Chukulia mkono wako wa kulia ndio umepita juu ya bega lake, ule wa kupigia kabali. Ukilalia ubavu wa kulia, mkono huo unaziba njia ya kichwa na mabega yake kufika chini, kwa hiyo anabaki amekwama. Ukilalia kushoto, upande wa mkono wa kwapani, njia iko wazi. Anashusha mabega kwenye mkeka, anasukuma kiuno, ametoka. Hapo hata uwe na miguu ya twiga utahangaika.

Watu wengi wanaolalamika kwamba miguu inawatoka, kwanza wamekubali kulalishwa upande mbovu. Tuanzie hapo.

---

Mjudoka wa Temeke

Nashukuru kaka. Kwa kweli naangukia popote anaponipeleka. Sikuwahi kulitazama jambo hilo kama uamuzi wangu mimi.

---

Baharia wa Ghuba

Basi ufanye kuwa uamuzi wako. Akikuvutia upande wa kwapani, usishindane naye kwa mikono. Kanyaga mkeka kwa mguu wa chini, inua kiuno umrudishe upande wako kwa mwili mzima, au badilisha mikono ili ule wa chini uwe ndio wa shingoni.

Sasa kuhusu kulabu zenyewe. Kulabu hazikuwekwa pale kwa ajili ya kubana. Kazi yake ni kukusafirisha kule kiuno chake kinakokwenda. Kinachokushikisha kwake ni kifua chako kugusa mgongo wake bila nafasi, kama mtoto aliyefungwa kanga mgongoni kwa mama. Miguu ikibana muda wote inachoka, na mguu uliochoka hauwahi kufika pale unapohitajika. Vidole vyako vielekee nje, kisigino kiwe hai, na magoti yako yakumbatie nyonga zake.

Akinyoosha mguu wa juu na kulabu ikachomoka, usiirudishe palepale kwa pupa, maana ndicho anachosubiri. Peleka unyayo huo kwenye nyonga yake, usukume kidogo upate nafasi, vuta kiuno chako nyuma, ndipo uingize tena. Na kama makalio yake yameshagusa mkeka, usibaki ukiung'ang'ania mgongo ambao umeshaondoka. Pitisha mguu wa juu tumboni kwake, mfuate anapogeuka, umpande juu kifuani. Umeukosa mgongo, lakini umekaa mahali pazuri.

Kwa watu wa kimo chetu, mtazame Marcelo Garcia. Alichukua ubingwa wa dunia wa ADCC, mashindano makubwa ya mieleka ya kabali bila kimono, uzito wa chini ya kilo 77 mwaka 2003, 2005, 2007 na 2011, na silaha yake kubwa ilikuwa mgongo na kabali. Si mtu mrefu. Tazama miguu yake inavyohama bila kupumzika mpinzani anapohangaika.

---

NairobiMkeka

Hapo kwa upande wa kulalia nakubaliana na Baharia mia kwa mia. Lakini tusimkatishe huyu ndugu tamaa na nne. Bila kimono, kwangu mimi nne ndiyo mfalme. Kulabu zinateleza kukiwa na jasho, nne haitelezi ovyo. Na inachosha: mtu akivuta pumzi tumbo halina pa kwenda. Gordon Ryan, bingwa wa ADCC, ameitumia sana, na ukiona amefunga, mara nyingi yule mwingine hana haraka tena ya kwenda popote.

Kuhusu kutofika: usifunge ukiwa umenyooka sawasawa nyuma yake. Sogeza kiuno chako pembeni kidogo, ukae kwa mshazari. Njia ya mguu inakuwa fupi. Halafu shika ugoko wako mwenyewe kwa mkono mmoja, uuvute upite tumboni, huku mkono wa pili umebaki kifuani kwake. Usiachie mikono yote miwili hata sekunde moja. Na funga kiunoni, chini ya mbavu. Wengi ni wembamba hapo.

Kuhusu maumivu ya kifundo: fundo la miguu yako, pale inapofungana, liko wapi, juu au chini? Ukilalia kulia, mguu wa kulia ndio upite tumboni, unyayo wake utokezee upande wa juu, na goti la kushoto lifunge juu ya kifundo. Fundo linabaki hewani. Ukifanya kinyume, fundo linakuwa kati yake na mkeka, kilo 85 zinakaa juu ya mguu wako, na yeye anahitaji kuinua kiuno tu ili uachie.

Halafu ule unyayo wa mguu unaofunga usiuache unaning'inia. Uchomeke chini ya paja lake. Ukiuacha nje, atapitisha mguu wake juu yake, anyooshe mwili, na hapo ni kifundo au goti lako litakalolipa.

Akianza kubingirika kuelekea upande wa fundo, usingoje. Fungua mapema, rudi kwenye kulabu, mfuate. Nne ni ya kufunga na kufungua.

---

Bint Mikeka

Naomba niongeze kutoka upande wa sisi wadogo. Mimi nina kilo 58, na karibu kila mtu ninayerola naye (kupambana kwa mazoezi) ni mwanaume mzito kuliko mimi. Nne kwa mtu mwenye tumbo pana ni kujitesa. Hata ukiifikisha, unakuwa umenyoosha miguu mpaka mwisho na hakuna nguvu iliyobaki ndani yake.

Kaka Mjudoka, umeuliza kama kuna njia nyingine. Ipo, na sijaona mtu ameitaja: tumia mguu kufunga mkono wake.

Fikiria hesabu hii. Ukiwa mgongoni, yeye ana mikono miwili ya kulinda shingo. Wewe mmoja uko shingoni na mwingine uko kwapani. Ukiuondoa mkono wake mmoja mchezoni, mambo yanabadilika kabisa. Mkono wako wa kwapani ushike kifundo cha mkono wake, uusukume chini kuelekea nyonga, kisha pitisha mguu wako wa juu uvuke mkono wake na uubane pale. Sasa mkono wako umekuwa huru, na yeye amebaki na mmoja dhidi ya miwili yako. Hapo kabali inaingia bila kupigana.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, usiinue mguu kwenda kutafuta mkono. Ushushe mkono wake mpaka uukute mguu. Ukiinua, umejitoa kulabu mwenyewe. La pili, mguu ukishavuka haushiki kiuno tena, kwa hiyo kifua kiwe kimeganda na kulabu ya chini iwe imara. Ukisikia anauchomoa ule mkono, rudisha kulabu na uanze upya.

Na tafadhali, tukiwa mazoezini, nne kwenye mbavu za mtu mgeni ibanwe polepole. Kuna watu wanaona aibu kupiga tapu, yaani kugonga kukubali kushindwa, kwa sababu ya kubanwa tumbo, wanavumilia, kesho hawawezi kupumua vizuri. Mwenzako akiumia, hutakuwa na wa kufanya naye mazoezi.

---

Nguvu Mpole

Vijana mmeeleza vizuri. Mimi nafundisha judo, kwa hiyo niseme mawili kuhusu sheria, maana kijana wetu anatoka huko na huenda bado anashindana.

Kwenye judo, kumbana mtu kiwiliwili kwa miguu iliyopishana na kunyooshwa ni adhabu ya shido. Kwa hiyo usije ukaizoea nne mpaka ukaipeleka huko bila kujua. Kwenye mashindano yanayofuata sheria za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Kibrazili, nne haihesabiwi pointi: pointi 4 za mgongo zinatolewa visigino vyote viwili vikiwa ndani ya mapaja bila kupishana, na ushikilie kwa sekunde 3. Mtu anaweza kumfunga mwenzake nne dakika nzima na ubao usisogee. Kwa hiyo huko, weka kulabu kwanza, hesabiwa, kisha ufunge nne ukitaka.

Jambo lingine. Nyote mmeongelea hali ya kulala ubavu. Judoka mara nyingi anaupata mgongo mtu akiwa amejikunja kifudifudi, magoti na viwiko chini. Pale usipande juu kuelekea mabegani kwake, atakumwaga mbele. Kaa nyuma, ingiza kulabu moja, kisha ya pili, halafu sukuma kiuno chako mbele na chini huku visigino vikiyatanua mapaja yake nyuma. Magoti yake yatanyooka, tumbo litalala mkekani. Mtu aliyelala kifudifudi na kulabu zote mbili ndani hana mahali pa kusukumia.

Wala usipishanishe vifundo vyako mbele ya tumbo lake kama unafunga kamba ya kiatu. Atavuka mguu wake juu, anyooshe kiuno, na utapiga tapu wewe uliye mgongoni.

---

Mjudoka wa Temeke

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote, dada Bint na wakuu wengine.

Jana nilijaribu jambo moja tu, upande wa kulalia. Jamaa wa kilo 85 hakutoka haraka kama siku zote, na mara mbili nilipopoteza mgongo niliishia juu ya kifua chake. Fundo langu la nne nimegundua lilikuwa chini kila mara, ndiyo maana kifundo kiliuma.

Swali la mwisho: kati ya nne na kufunga mkono, nianze kujifunza kipi? Nikichanganya vyote najua sitashika hata kimoja.

---

Marhaba, kijana. — Nguvu Mpole

---

Bint Mikeka

Kwa mwili wako, anza na kufunga mkono, na kulabu ziwe nyumba yako. Nne iwe ya wale wembamba.

Fanya hivi: muombe mwenzako aanze ukiwa umeshamshika mgongo, upande mzuri, kulabu ndani. Kazi yake ni kutoka tu. Kazi yako ni kubaki, na hairuhusiwi kumpiga kabali. Akitoka au ukimpanda juu, mnaanza upya. Mkishazoea, ongeza mkono: unashinda ukiufunga kwa mguu. Kabali ije mwisho kabisa. Ukiiruhusu mapema, utaikimbilia shingo na miguu italala.

---

NairobiMkeka

Hilo zoezi ni zuri. Ongeza dakika chache za kuanzia upande mbovu pia, ujifunze kumrudisha. Na ukipata mwembamba wa kilo 65, mfunge nne ya fundo juu, uisikie inavyotakiwa kuwa.