Ghana iliachia bei ya mafuta mwaka 2015: mdhibiti amebaki na kazi gani, na bei ya chini inamlinda nani?

Mwanamizani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa mada ya semina kuhusu udhibiti wa mkondo wa chini wa petroli nchini Ghana, yaani uagizaji, usambazaji na uuzaji wa mafuta, na kuna jambo ambalo kila nikilisoma linanitia mashaka. Sheria Na. 691 ya mwaka 2005 iliunda Mamlaka ya Taifa ya Petroli, ambayo wenyewe huiita NPA, na kwa miaka kumi ya mwanzo bei za vituoni zilifuata fomula yake. Mwaka 2015 serikali ilijitoa katika kupanga bei. Tangu hapo kila kampuni hujipangia, na bei hupitiwa mara mbili kwa mwezi, tarehe 1 na tarehe 16. Mpaka hapo ninaelewa. Hata hivyo, Aprili 2024 mamlaka ile ile ilianzisha bei ya chini, yaani kiwango ambacho hakuna kampuni inayoruhusiwa kuuza chini yake. Kwetu sisi tuliozoea bei kikomo za wadhibiti wetu, EWURA ya Tanzania na EPRA ya Kenya, ambazo humzuia muuzaji asipandishe kupita kiasi, inashangaza kuona mdhibiti akimzuia muuzaji asishushe.

Naomba kusaidiwa kwa mambo mawili. Soko likiwa huria, mdhibiti amebaki na mamlaka gani yenye uzito? Na bei ya chini imewekwa kwa manufaa ya nani: mnunuzi, serikali au kampuni kubwa?

Kokotoo alijibu:

Ndugu Mwanamizani, ugumu unaanza pale bei ya pampu inapochukuliwa kuwa kitu kimoja. Kilichoachiwa mwaka 2015 ni gharama ya mafuta yenyewe, pamoja na kiwango cha kubadilisha fedha ambacho mwagizaji wa jumla anakitumia, na faida ya wafanyabiashara walio kati ya bandari na pampu. Kati ya ncha hizo mbili kuna tozo zilizopitishwa na Bunge na makato yanayosimamiwa na NPA, na humo hakuna uhuru wowote. Kampuni yenye kituo kimoja Tamale na yenye mamia ya vituo nchi nzima zinakata kiasi kile kile kwa lita.

Ili uone kwa nini serikali ilijitoa, rudi nyuma kidogo. Fomula ya zamani ilikuwa na mantiki yake, lakini kila ilipotoa jibu ambalo wanasiasa hawakulipenda, jibu hilo liliahirishwa na tofauti ikageuka deni. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Tema, kilichoanza kazi mwaka 1963 na ambacho uwezo wake ni mapipa 45,000 kwa siku, kilibeba sehemu kubwa ya mzigo huo, hadi mwaka 2003 ikabidi wananchi waanze kukatwa tozo maalumu ya kulipia madeni yake. Waagizaji binafsi walipopanuka, deni lilibadili sura badala ya kwisha. Walinunua kwa dola na kuuza kwa cedi, fedha ya Ghana, kwa kiwango cha ubadilishaji kilichowekwa ndani ya fomula, huku benki zikiwauzia dola kwa bei ya juu zaidi. Hasara hiyo waliidai serikalini, na benki zilizowakopesha zikakaa roho juu. Kwa maoni yangu uamuzi wa 2015 ulitokana na hali ya hazina kuliko imani yoyote katika soko huria: serikali ilichoka kudaiwa.

Ilichoachia kwa mkono mmoja, hata hivyo, iliendelea kukishika kwa mwingine. Mwaka huo huo wa 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Tozo za Sekta ya Nishati, Na. 899, iliyokusanya pamoja tozo ya kulipa madeni ya nishati, ya mfuko wa barabara, ya kutuliza bei na nyinginezo. Mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa pesewa 20 (pesewa 100 ni cedi 1) za kuokoa sekta ya nishati na pesewa 10 za usafi na uchafuzi wa mazingira. Mwaka 2025 ikaongezwa cedi 1 nzima kwa lita, kwa hoja kwamba madeni ya umeme yanahitaji kulipwa na kwamba cedi iliyoimarika ingemeza ongezeko hilo bila mnunuzi kuumia sana. Utekelezaji wake uliahirishwa mwezi Juni, vita vya Israeli na Iran vilipopandisha bei ya mafuta duniani, ukaanza tarehe 16 Julai. Vivyo hivyo, Novemba 2021 bei zilipopaa, serikali ilisitisha kwa muda tozo ya kutuliza bei. Kwa hiyo ukisema bei ni huria, ongeza kwamba serikali ingali na mkono mrefu ndani yake, ingawa sasa inautumia kupitia kodi.

Mpakiaji alijibu:

Naongezea upande wa usafirishaji, kwa sababu waandishi wengi wa sera huupita haraka ilhali ndiko nguvu ya NPA inakoonekana kwa macho.

Mafuta karibu yote huingia kupitia pwani, hasa Tema, lakini yanahitajika pia Bolgatanga, mji ulio zaidi ya kilomita 700 kaskazini, karibu na mpaka wa Burkina Faso. Kama kila muuzaji angelipa nauli yake, mkulima wa kaskazini, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo, angelipa zaidi kwa kila lita. Sheria ya 2005 ikaweka mfuko wa kusawazisha bei: kila lita inayouzwa, hata ile inayouzwa mita chache kutoka geti la ghala la Tema, inachangia pesewa kadhaa, na msafirishaji anayepeleka mafuta mbali analipwa kutoka humo kulingana na umbali. Ni mfumo wa haki ambao pia ni kishawishi kikubwa cha wizi. Kinachohitajika ni karatasi tu inayosema lori limeshusha Bolgatanga, kumbe limeshusha njiani, na mtu amelipwa nauli ya safari ambayo haikufanyika. Ndiyo maana malori ya mafuta yalifungiwa vifaa vya kufuatilia mwendo, na udhibiti katika nchi hii ukawa kwa sehemu kubwa kazi ya kulinganisha stakabadhi na ramani.

Ipo pia kampuni ya serikali ya hifadhi na usafirishaji wa mafuta, BOST, yenye maghala Accra, Kumasi, Akosombo, Buipe na Bolgatanga. Bomba hutoka Tema hadi Akosombo, majahazi huvuka Ziwa Volta hadi Buipe, kisha bomba jingine huendelea hadi Bolgatanga. Njia hiyo ikifanya kazi kama ilivyokusudiwa, malori hupungua barabarani na mfuko wa kusawazisha hupumua. BOST nayo ina makato yake ndani ya kila lita, na msimamizi wa makato hayo ni mdhibiti wa serikali ile ile inayoimiliki. Semina yako isilikwepe hilo.

Halafu kuna mafuta yanayoandikwa kuwa ya kwenda nje. Burkina Faso na Mali hazina bahari, kwa hiyo shehena hupita Ghana bila kulipa kodi za ndani. Lori likigeuka njiani na kumwaga mzigo kwenye kituo cha ndani ya nchi, muuzaji amepata mafuta yenye nafuu ya kodi yote niliyoisoma hapo juu kwa Kokotoo. Hali ni hiyo hiyo kwa mafuta mchanganyiko ya injini za mitumbwi, ambayo serikali huyapa ruzuku kwa ajili ya wavuvi wadogo na ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakipotea kabla hayajafika ufukweni. Dawa iliyotumika ni vinasaba: mafuta yaliyolipiwa kodi huwekwa kemikali ya utambuzi ghalani, na wakaguzi hupima vituoni. Sampuli ikikosa kiwango cha kinasaba, basi ama mafuta yamechakachuliwa ama hayakulipiwa kodi. Vinasaba navyo vinalipiwa na mnunuzi, kwa makato mengine madogo kwenye lita.

Mizania alijibu:

Nitajibu swali la pili, kwa kuwa wenzangu wamelitengenezea njia bila kulifikia.

Bei ya chini ya NPA haijumuishi kila kitu. Ndani yake kuna gharama rejea ya mafuta, yaani makadirio ya gharama yanayotumika kama kipimo kwa kampuni zote, pamoja na kodi, tozo na makato ya kisheria. Haijumuishi nyongeza wanayotoza wafanyabiashara wa kimataifa, wala faida ya mwagizaji, wala ya kampuni ya rejareja na mwendesha kituo. Kwa hiyo kampuni inayouza chini ya kiwango hicho haisemi tu kwamba imeridhika na faida ndogo. Inasema imeuza chini ya gharama rejea na kodi zikijumlishwa. Hilo linawezekana kwa njia chache. Ya kwanza ni halali: imenunua shehena kwa bei nzuri kuliko rejea, au imepata dola kwa unafuu. Ya pili inahusu fedha za umma: kampuni ya rejareja inakusanya kodi na tozo kwa mnunuzi papo hapo, lakini inazifikisha serikalini baadaye, na yenye njaa ya mtaji inaweza kuzitumia kuuza kwa bei ya kutupa, ikazunguka na fedha ya serikali hadi siku inapofungwa ikiwa na deni. Ya tatu ni ile aliyoieleza Mpakiaji, mafuta yasiyolipiwa kodi kabisa.

NPA ilitetea hatua yake kwa hoja ya kuzuia ushindani wa kuangushana na kulinda mapato ya serikali. Sipingi kwamba tatizo lipo. Ghana ina zaidi ya kampuni 100 za rejareja zenye leseni, nyingi zikiwa ndogo, na mdhibiti anayetoa leseni kwa wingi namna hiyo hana budi kutarajia kwamba baadhi yake zitaishi kwa kodi ambayo hazijaiwasilisha. Ninachokipinga ni kifaa kilichochaguliwa. Bei ya chini haimtofautishi mfanyabiashara hodari na mkwepa kodi. Inawazuia wote wawili kwa kamba moja, na gharama ya kumzuia yule hodari inamwangukia mnunuzi. Kama kodi ndiyo inayopotea, basi idaiwe kabla lori halijatoka ghalani, au mwenye leseni aweke dhamana ya benki inayolingana na lita anazopakia. Hapo muuzaji akitaka kupunguza bei, atapunguza kwa fedha yake.

Liko jambo la muda pia. Bei rejea hutumika kwa kipindi chote cha wiki mbili, ilhali cedi haisubiri. Mwaka 2022 ilianguka kwa kasi hadi dizeli ikapita cedi 20 kwa lita, na katika nusu ya kwanza ya 2025 iliimarika kwa namna ambayo wachache waliitarajia. Katika kipindi kama hicho cha pili, kampuni iliyonunua dola asubuhi ya leo inaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kuuza chini ya kiwango kilichokokotolewa juma lililopita, na sheria inaikatalia.

Mwanamizani aliandika tena:

Nawashukuru sana. Ndugu Mizania, nikikuelewa vizuri, unasema bei ya chini ni kiraka cha udhaifu wa ukusanyaji kodi. Naomba kuuliza jambo la nyongeza: je, mpango wa kubadilishana dhahabu kwa mafuta, yaani kulipia mafuta kwa dhahabu badala ya dola, haukuirudisha serikali katika soko kwa mlango wa nyuma? Na usalama na ubora, ambavyo hatujavigusa, viko mikononi mwa nani?

Mizania alijibu:

Ndiyo, umenielewa. Kuhusu dhahabu, shehena ya kwanza ya mpango huo iliwasili Januari 2023 na BOST ndiyo iliyoshughulikia mafuta hayo. Lengo lilikuwa kupunguza presha ya dola, na serikali iliusifu kwa kushusha bei. Mimi siwezi kuzitenganisha faida zake na kushuka kwa bei ya dunia kulikotokea wakati ule ule. Mpango ulikomeshwa mwaka 2025. Kwa mdhibiti, ugumu ulikuwa kwamba shehena yenye nguvu ya Benki Kuu nyuma yake ilishindana na shehena za watu binafsi ambao yeye ndiye anayewapa leseni.

Kokotoo alijibu:

Kuhusu ubora, viwango hutungwa pamoja na Mamlaka ya Viwango ya Ghana, na NPA husimamia utekelezaji. Mfano mzuri ni salfa. Dizeli iliruhusiwa kuwa na hadi sehemu 3,000 kwa milioni, na kuanzia Julai 2017 mafuta yanayoagizwa yakatakiwa yasizidi 50, ilhali kiwanda cha ndani kilipewa muda zaidi kwa kuwa mitambo yake haikuweza kufikia kiwango hicho mara moja. Zingatia msamaha huo: mlaji wa Accra anavuta moshi ule ule, awe amenunua dizeli ya Tema au ya Ulaya.

Usalama una historia ya majonzi. Tarehe 3 Juni 2015, mafuriko na moto katika kituo kimoja karibu na mzunguko wa Kwame Nkrumah, Accra, viliua watu zaidi ya 150. Tarehe 7 Oktoba 2017 kituo cha gesi kililipuka Atomic Junction na watu 7 wakafa. Baada ya ajali hii ya pili, baraza la mawaziri liliamua kwamba gesi ya kupikia ihamie kwenye mfumo wa kubadilishana mitungi: ijazwe kwenye viwanda vilivyo mbali na makazi, na mteja arudishe mtungi mtupu dukani achukue uliojaa. Utekelezaji umekwenda polepole, kwa sababu wenye vituo vya kujazia walikuwa wamewekeza mitaji yao kwenye matangi, na kwa sababu mtu aliyezoea kujaza gesi ya cedi chache kila anapopata fedha sasa anatakiwa kununua mtungi mzima. Viwanda vya kujazia vikiwa na mtungi mdogo wa kutosha kwa mteja huyo, upinzani utapungua. Visipokuwa nao, atarudi kwenye mkaa. Hilo, kwa mtazamo wangu, lingefaa kupewa nafasi katika mada yako kuliko bei ya chini.