Mzee ananiachia Webley ya mitutu miwili, na mimi ni wa mashoto

Njoro_Juu:

Habari za jioni wakuu. Baba yangu ana bunduki ya marisau, geji 12, ya mitutu miwili iliyolala sambamba. Ni Webley & Scott ya Birmingham. Aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anauza shamba Molo, mimi bado sijazaliwa. Cheti chake anakihuisha kila mwaka, na hata ule uhakiki wa wenye silaha wa 2018 alijipeleka mwenyewe na makaratasi yote kwa bahasha. Sasa ana miaka 81, macho yamechoka, anataka iwe yangu. Maombi yangu nimeshaanza.

Si ya kuwinda, hilo najua. Nataka kulenga sahani za udongo na wenzangu, tena boma letu liko ndani kabisa, mbali na barabara.

Sasa shida. Duka moja la Nairobi wameniambia chuma cha zamani ni cha kutundika ukutani, nichukue Baikal mpya au moja ya Uturuki. Ya mzee ni nyepesi na naipenda mkononi, lakini nikiiweka begani na shavu likalala, naona ule ukanda wa juu kutoka ubavuni, sio katikati. Mzee ni wa kulia, mimi ni wa mashoto. Halafu ina triga mbili. Niichukue ama niachane nayo? Picha siweki, mzee amekataa.

Kimilili_Boy:

Triga mbili karne hii? Chukua bunduki ya pampu, risasi tano, kazi imeisha. Hiyo ya mzee mwachie kumbukumbu.

FundiMstaafu_Kibos:

Kijana wa Kimilili, pampu ni chombo kizuri, lakini mwenzako ameuliza kuhusu bunduki aliyonayo nyumbani.

Njoro_Juu mwanangu, nimetengeneza silaha jeshini hadi nikastaafu, na za mitutu miwili ndizo nilizozipenda kuliko zote, kwa hivyo nisikilize ukijua naegemea wapi. Hao wa duka wanauza Baikal. Baikal si mbaya. Ni chuma cha Izhevsk, Urusi, nzito, triga zake ngumu, ndani ya mitutu imepakwa kromu kwa hivyo hata mvivu wa kusafisha ataishi nayo. Lakini neno "zamani" peke yake si ugonjwa. Pima kwanza.

Mwambie mzee ahakikishe haina kitu ndani, nawe uangalie tena kwa macho yako. Itenganisheni. Kile kipande cha mbao cha mbele kiwekeni kando, kisha mrudishe mitutu kwenye mwili wa bunduki bila hicho kipande, mfunge, na uitikise. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu springi ya mbao ya mbele husukuma kila kitu kikakaza na kuficha ulegevu. Ikicheza bila mbao, imelegea kwenye bawaba. Iinue kwenye mwanga wa dirisha, uone kama kuna mwanya kati ya matako ya mitutu na uso wa mwili. Tazama pia ule wenzo wa kufungulia juu. Bunduki ikiwa imefungwa na wenzo umesimama kidogo kulia kwa katikati, bado kuna maisha ndani yake. Ukiwa umevuka kwenda kushoto, imekula sana.

Kisha chukua mitutu peke yake, uining'inize kwa kidole kwenye ile ndoano ya chini, uigonge polepole kwa mpini wa kijiko cha mbao. Inatakiwa ilie kama kengele ya kanisa. Ikitoa sauti ya kukoroma, kuna mahali kiunzi kati ya mitutu kimeachia, na maji huingia humo yakala chuma bila wewe kuona. Mwisho chungulia ndani ya kila mtutu ukiuelekeza dirishani na uuzungushe taratibu. Kivuli cha duara kilichokatika ni bonyeo. Vidoa vyeusi ni kutu iliyochimba.

Sasa mashoto. Hapa ndipo penye swali lako hasa, na duka hawakuligusa. Kitako cha bunduki nyingi za Uingereza hakijanyooka na mitutu. Kimepindishwa kidogo kwenda kulia ili jicho la kulia la mwenye kulenga likae katikati ya ukanda. Wewe wa kushoto ukiishika, mpindo huo unakutoa nje badala ya kukuleta ndani. Kwa hivyo usifikiri hujui kulenga. Fundi wa mbao anayejua bunduki hukipasha moto kitako kwa mafuta, pale penye shingo, na kukipinda upande wako. Kwa Webley, ambayo shingo yake ni mbao ya jozi iliyonyooka vizuri, mara nyingi inakubali. Ufa ukiwepo pale shingoni, asiguse.

Kujipima ni rahisi. Fumba macho, iweke begani, shavu lilale lenyewe, kisha fumbua. Usijisogeze. Ukiona ukanda wote na punje ya mbele imekaa katikati, ni yako. Ukiona chuma cha nyuma tu, kitako kimeshuka mno. Fanya hivyo hivyo na hizo za dukani kabla hujatoa hata shilingi. Bunduki mpya isiyokukaa utakosa nayo sahani vilevile, ila kwa bei ghali.

Triga mbili usiziogope. Kwa kawaida ya mbele hufyatua mtutu wa kulia, ambao uko wazi zaidi, na ya nyuma mtutu wa kushoto uliobanwa mdomoni ili marisau yasitawanyike upesi. Maana yake unachagua papo hapo: sahani iko karibu, mbele, imeshakimbia, nyuma. Ile ya triga moja inakuamulia.

Kimilili_Boy:

Haya mzee, nimekaa darasani. Na nyani wa Mau wanaomaliza mahindi? Marisau hayawezi kuwaongoza kurudi msituni?

MamaGilgil:

Kimilili, usimtie mwenzako mashakani. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haijakuruhusu kumpiga nyani kwa sababu amekula shamba lako. Piga simu kwa KWS, shirika la wanyamapori, andikisha hasara.

Njoro_Juu, mimi nina cheti tangu mume wangu alipoacha kulenga, na nimepita njia unayopita. Neno moja tu: cheti ni cha mtu. Hakiko kwa bunduki wala kwa familia. Mpaka jina lako liwe kwenye karatasi, hiyo Webley ni ya baba yako na yeye ndiye aibebe. Ikienda kwa fundi, mzee apande gari naye. Usiniambie "ni kutoka Njoro hadi mjini tu", hapo ndipo watu hushikwa. Na afadhali mfanye hivi mzee akiwa hai na akili timamu, aende na wewe mbele ya Bodi ya Leseni za Silaha aseme anaitoa kwa hiari yake. Akifariki ikiwa bado kwa jina lake, itakwenda kukaa polisi huku nyinyi mkitafuta karatasi za mirathi, na nimeona zinavyorudi: mbao zimekauka, mitutu myekundu kwa kutu.

Kabati la chuma unalo? Watakuja kuliangalia. Lifunge kwenye ukuta wa mawe, si wa mbao.

Njoro_Juu:

Asanteni sana. Mama, kabati nimeagiza, fundi wa Gioto ananichomelea. Mzee wa Kibos, nimefanya ulivyosema na baba akiwa ameketi hapo akitoa amri. Haikutikisika. Ililia, mpaka mbwa akanyanyua kichwa. Lakini chini ya mitutu, karibu na ndoano, kuna mihuri: taji, halafu 2½, halafu 3 TONS. Risasi alizonazo mzee zimekwisha, na dukani wana za milimita 70 tu. Nimejaribu ganda tupu la namna hiyo la jirani... hapana, samahani, ilikuwa ile nzima ambayo haijafyatuliwa, mzee aliiazima kwa rafiki yake mwenye cheti. Iliingia bila shida. Si basi ni sawa?

FundiMstaafu_Kibos:

Si sawa. Na nimefurahi umeuliza kabla ya kuifyatua.

Kuingia si kipimo. Urefu ulioandikwa kwenye risasi ni wa ganda likiwa limefunguka. Kabla ya kufyatuliwa mdomo wake umekunjwa ndani, ni fupi, ndiyo maana linaingia hata kwenye chemba (pale ganda linapokaa) iliyo fupi. Likipigwa, mikunjo inafunguka kwenda mbele. Chemba yako ni ya inchi 2½, ambayo kwenye risasi huandikwa milimita 65. Hizo milimita za ziada zinafungukia kwenye koo, pale mtutu unapoanza kubana. Marisau yanasukumwa kupita kwenye tundu lililopungua na shinikizo linapanda. Hizo tani 3 ulizosoma ni shinikizo ambalo nyumba ya majaribio ya Birmingham iliikubalia bunduki hiyo kwa kazi ya kila siku, kwa kila inchi ya mraba. Haikuahidi zaidi.

Kwa hivyo mwambie muuzaji mwenye leseni akuagizie za milimita 65, mzigo mwepesi, marisau ya kawaida ya madini ya risasi na sio ya chuma cha pua. Chuma hakibonyei, na mitutu ya zamani iliyobanwa mdomoni haikutengenezwa kwa hilo. Kama hawezi kukupatia kwa uhakika mwaka mzima, hapo ndipo Baikal inashinda, na nitakuambia hivyo ingawa roho inauma. Ya chemba ya milimita 70 inakula kilichopo dukani. Bunduki bila risasi ni fimbo ghali.

Usimruhusu mtu yeyote akuongezee urefu wa chemba kwa reima, kile chombo cha kupanua tundu. Utasikia "ni kazi ya saa moja". Inaondoa chuma mahali ambapo kuta zinahitajika, na ule muhuri unakuwa hauna maana tena.

Ukizipata, peleka kwenye uwanja wa kulenga, bandika karatasi kubwa ya kaki, simama yadi 40, piga risasi moja kwa kila mtutu. Chora duara la inchi 30 mahali marisau yamejaa zaidi, uhesabu yaliyo ndani. Mtutu uliobanwa kabisa hutia karibu asilimia 70 ya marisau yake humo, ulio wazi kabisa karibu 40. Andika matokeo nyuma ya karatasi, kulia na kushoto, kisha uniletee tarakimu hapa. Kitako kisipindwe kabla ya hapo.